Kibanda Chako, Soko la Wote: Mitandao Wazi na Mfanyabiashara wa Kilifi

Matini ya mazungumzo kwa wakulima, wavuvi, mafundi na wafanyabiashara wadogo wa Kaunti ya Kilifi



Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, kutoka Kaloleni hadi Ganze, biashara siku hizi inapita kwenye simu. Muuza madera huweka picha asubuhi kwenye kikundi cha WhatsApp. Mama wa mahamri hupokea oda usiku ili ajue akande unga kiasi gani. Mvuvi wa Ngomeni humtumia mnunuzi picha ya samaki hata kabla chombo hakijafika ufuoni. Hayo ni maendeleo. Swali la leo ni hili: soko hilo la kwenye simu ni la nani? Ni nani anayeshika ufunguo wa mlango wake, na siku akiufunga, muuzaji anabaki na nini mkononi?

Katika kaunti hii swali hilo si geni. Miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha korosho mjini Kilifi, na wakulima wa Pwani wakapata mahali pa kupeleka mavuno yao. Kiwanda kilipoanguka miaka ya 1990, mikorosho haikuacha kuzaa. Kilichopotea ni mlango wa kuuzia. Mkulima alibaki na magunia yake akimsubiri dalali apite, na dalali akija peke yake, yeye ndiye anayetaja bei. Waliopitia kipindi hicho hawahitaji kuelezwa zaidi: mnunuzi akiwa mmoja, bei huwa yake.

Soko lenye mlango mmoja

Masoko mengi ya mtandaoni yamejengwa kwa mtindo huohuo wa mlango mmoja. Kampuni hutengeneza programu, husajili wauzaji, huvutia wanunuzi, hupanga wasafirishaji, hupokea malipo, kisha hukata kamisheni yake. Faida yake ipo. Mnunuzi anajua pa kulalamika, muuzaji hahitaji kutengeneza tovuti, na mzigo unafika.

Lakini kila kitu kimo ndani ya ua mmoja. Muuzaji aliyejiandikisha katika programu ya kwanza haonekani na mnunuzi anayetumia programu ya pili. Akitaka kuonekana kote, itambidi ajiandikishe kote, apakie picha upya, abadilishe bei mara tano kila inapobadilika, na alipe kamisheni tano. Sifa alizojipatia, zile nyota na maoni mazuri ya wateja, hawezi kuhama nazo. Kamisheni ikipanda, ana njia mbili tu: alipe, au aondoke aanze moja.

Na kampuni zenyewe huja na kuondoka. Jumia ilifunga huduma yake ya kuuza na kusambaza chakula, Jumia Food, mwishoni mwa mwaka 2023, hapa Kenya na katika nchi nyingine ilikokuwa ikiitoa. Copia, iliyokuwa ikiwafikishia watu wa mashambani bidhaa kupitia mawakala wa vijijini, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi mwezi Mei 2024. Kampuni kufunga kazi inayoleta hasara si kosa, ni mambo ya biashara. Linalomhusu mkazi wa Kilifi ni kwamba ua ukifungwa, vibanda vilivyomo hufungwa pamoja nao, hata kama mwenye kibanda alikuwa anauza vizuri.

Bandari ilivyokuwa

Watu wa pwani hii wanaijua namna nyingine ya kufanya biashara. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, alikuta bandari yenye wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Vyombo vilikuja na kaskazi vikarudi na kusi. Katika magofu ya Gede, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kauri za China, mji ambao hata hauko ukingoni mwa bahari.

Nahodha wa wakati huo hakulazimika kuwa na chombo cha aina moja wala kutoka nchi moja. Alilazimika kuzijua kanuni: majira ya pepo, vipimo, ushuru, na desturi ya kumpata mwenyeji wa kumdhamini. Bandari ilikuwa na mwenyewe, na ushuru ulilipwa. Lakini aliyefuata kanuni aliruhusiwa kutia nanga, na aliyetia nanga aliweza kufanya biashara na yeyote aliyekuwepo.

Mtandao wazi wa kidijitali ni bandari ya aina hiyo. Hakuna kampuni moja inayomiliki wauzaji na wanunuzi wote. Kuna kanuni zilizoandikwa hadharani, ambazo wataalamu huziita itifaki, na programu yoyote inayozifuata inaweza kuzungumza na nyingine. Barua pepe imekuwa hivyo tangu zamani: mwenye anwani ya kampuni moja humwandikia mwenye anwani ya kampuni nyingine, na barua inafika.

Somo la pesa za simu

Mfano ulio karibu zaidi uko mfukoni mwa kila mtu. M-Pesa ilizinduliwa mwezi Machi 2007. Kwa miaka mingi, kumtumia pesa mtu aliye kwenye mtandao mwingine wa simu kulikuwa na usumbufu. Mpokeaji alipata ujumbe wenye namba ya siri, akautafuta wakala wa mtandao aliotumia mtumaji, akatoa pesa taslimu, kisha akipenda akaziweka tena kwenye simu yake. Wengi waliamua kubeba laini mbili au tatu.

Tangu Aprili 2018, mtu wa Safaricom, Airtel au Telkom aliweza kumtumia mwenzake pesa zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake ya simu. Aprili 2022, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua iliyofuata: mteja wa mtandao mmoja kuweza kulipa dukani kwa namba ya till ya mtandao mwingine. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Mkenya alikuwa tayari ameruhusiwa kuhama kampuni ya simu bila kubadilisha nambari yake.

Kampuni hazikufa kwa sababu ya mabadiliko hayo. Kila moja ina wateja wake, bei zake na ofa zake. Kilichobadilika ni kwamba mteja wa kampuni moja hakuwa tena amefungiwa nje ya nyumba ya jirani. Sasa fikiria jambo hilohilo kwa bidhaa: mwenye duka aliye kwenye programu yoyote, na mnunuzi aliye kwenye programu yoyote, wanaonana.

India walivyofanya

Nchi iliyothubutu kulijaribu jambo hili kwa upana ni India. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa msukumo wa wizara ya biashara na viwanda ya nchi hiyo, kiliundwa chombo kisichofanya biashara ya faida kiitwacho ONDC. Majaribio yalianza Aprili 2022 katika miji mitano: Delhi, Bengaluru, Bhopal, Shillong na Coimbatore. ONDC haina ghala, haiuzi sabuni wala mchele, na haimiliki pikipiki. Kazi yake ni kutunza kanuni na kuunganisha programu za wanunuzi na programu za wauzaji.

Bengaluru kuna mfano mwingine ambao dereva wa tuk-tuk wa Malindi atauelewa mara moja. Programu iitwayo Namma Yatri, iliyojengwa juu ya itifaki ya wazi, huwaunganisha abiria na madereva wa riksho za magurudumu matatu. Ilianza bila kumkata dereva kamisheni. Baadaye iliweka ada ndogo anayolipa dereva, na nauli aliyolipa abiria ikabaki yake dereva.

Mambo hayakunyooka yote. Ruzuku zilizotumika kuwavutia wanunuzi wa rejareja wa India zilipopunguzwa, oda nazo zilishuka. Hilo ni funzo lake peke yake: mteja aliyefuata bei ya ofa huondoka na ofa, na mtandao wa wazi haumsamehe mtu mwenye bidhaa duni.

Ingekuwaje Kilifi?

Chukua mfano wa hoteli ya Watamu inayohitaji nazi 200 kwa siku ya Ijumaa. Leo hii, mpishi humpigia dalali wake aliyemzoea. Dalali huwapigia watu wake. Mkulima wa Kaloleni mwenye nazi nzuri kuliko wote, lakini ambaye dalali hana nambari yake, hajui kwamba kulikuwa na biashara.

Katika mtandao wazi, mpishi angeandika hitaji lake kwenye programu anayotumia yeye. Ombi lingesambazwa kwa programu zote za wauzaji zilizo kwenye mtandao. Kila mwenye nazi aliye ndani ya umbali unaofaa angejibiwa kwa niaba yake na programu yake: idadi aliyonayo, bei, na siku anayoweza kutoa. Mpishi angechagua. Baada ya hapo ombi jingine lingetoka kumtafuta msafirishaji, mwenye pikapu au bodaboda ya mizigo, ambaye huenda yuko kwenye programu ya tatu kabisa. Malipo yangepita kwa simu. Mzigo ukifika, mpishi angethibitisha na kutoa maoni, na maoni hayo yangemfuata mkulima popote aendako. Kutafuta, kuagiza, kufikisha, na huduma baada ya mauzo: hizo ndizo hatua nne, na kila hatua inaweza kufanywa na mtu tofauti.

Lakini ngoja kidogo hapo kwenye neno nazi. Mpwani ana kitale, dafu, koroma na nazi, na kila moja ina kazi yake na bei yake. Mnunuzi wa Nairobi akiandika “nazi”, anataka ipi? Vivyo hivyo embe: kuna ngowe, kuna boribo, kuna apple. Samaki wa fungu moja ana uzito gani? Debe la mahindi limejaa sawasawa au limefurika? Sokoni maswali haya huamuliwa kwa macho na mkono. Mtandaoni yasipoamuliwa mapema kwa maneno na vipimo vinavyoeleweka na wote, huleta ugomvi. Itifaki, kwa Kiswahili chepesi, ni mapatano ya lugha. Kabla kompyuta hazijaelewana, watu lazima waelewane kilo ni kilo na dafu ni dafu.

Kazi hiyo ya kukubaliana kuhusu majina, daraja na vipimo inaweza kuanza leo, bila intaneti, katika vyama vya ushirika na vikundi vya kusimamia fuo vya BMU. Ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi.

Gede wamekwisha kuonyesha njia

Kuna watu wa kaunti hii ambao wamekuwa wakiwauzia wageni wasiowaona kwa zaidi ya miaka 30. Tangu mwaka 1993, Mradi wa Kipepeo ulio Gede umekuwa ukinunua mabuu ya vipepeo, wakiwa katika hatua ya kujifunga, kutoka kwa wakulima wanaopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke. Hupakiwa na kutumwa kwa ndege hadi kwenye bustani za maonyesho ya vipepeo huko Ulaya na Marekani.

Hakuna bidhaa ngumu kuliko hiyo kuuzwa kwa mbali. Ni kitu hai, na kikichelewa njiani kipepeo hutoka ndani ya boksi. Mnunuzi hakumjua mkulima wa Gede kwa sura. Alichokijua ni kwamba akiagiza aina fulani na idadi fulani, atapata aina hiyo na idadi hiyo, wakiwa wazima, kwa wakati. Na kwa sababu msitu ndio unaowapatia wakulima vipepeo wa kuzalisha, msitu ukawa na thamani ukiwa umesimama.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vipepeo wa Gede wanaongeza neno moja: kizuri chajiuza kikifika kizuri. Mtandao hupeleka ujumbe tu. Uaminifu wa kuhesabu, kuchambua, kufunga na kuwahi haupakuliwi kwenye simu.

Yanayopaswa kuangaliwa

Ni haki wakazi waambiwe pia upande wa pili.

Kwanza, ni lawama. Katika soko la kampuni moja, kitu kikiharibika kuna mlango wa kugonga. Kwenye mtandao wazi kuna programu ya mnunuzi, programu ya muuzaji na msafirishaji, na kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole. Kanuni lazima ziseme mapema nani hurudisha pesa, na kwa siku ngapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, na haki za mnunuzi zimo pia katika Katiba, Kifungu cha 46. Mtandao wowote utakaokuja lazima uanzie hapo.

Pili, ni taarifa za watu. Nambari ya simu ya mteja, mahali anapoishi na anachonunua ni mambo yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu mwenye kampuni kubwa na inamhusu mwenye kibanda anayeweka orodha ya wateja.

Tatu, ni wale wasio na simu ya kisasa, au walio mahali ambapo mtandao wa simu unapatikana kwa kupanda kilima. Mama wa Magarini mwenye simu ya mulika mwizi asiachwe nyuma. Kwa huyu, chama cha ushirika au kikundi kinaweza kuwa ndicho muuzaji kwenye mtandao, na yeye akawa mwanachama anayeleta mazao na kupokea pesa zake kwenye simu aliyonayo.

Nne, ni dalali. Wengi watafurahi kusikia atakwisha. Hatakwisha, na si lazima aishe. Dalali anajua njia, anajua nani ana mzigo, anakopesha msimu mbaya. Mtandao wazi unamwondolea jambo moja tu: kuwa mtu pekee anayejua bei ya mjini.

La kufanya sasa

Kenya haijawa na mtandao mmoja wa wazi wa bidhaa kama ule wa India. Mkazi anayengoja uje ndipo ajitayarishe atakuta wenzake wamefika. Haya yanawezekana leo, na yatamfaa mtu hata akibaki kuuza kwa WhatsApp peke yake.

Sajili jina la biashara yako. Huduma hiyo iko kwenye eCitizen. Jina likiwa lako kisheria, unaweza kuhama nalo kutoka jukwaa moja hadi jingine, na mteja akakutambua.

Tumia till yako mwenyewe badala ya nambari ya binamu. Kumbukumbu za malipo yako ndizo ushahidi wako siku utakapotaka mkopo.

Andika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha ya wateja iliyo kwenye daftari lako haifungwi na kampuni yoyote. Waombe wateja ruhusa kabla ya kuhifadhi nambari zao, na usiigawe orodha hiyo.

Tengeneza orodha ya bidhaa inayoeleweka na mtu asiyekujua: jina la bidhaa, uzito au idadi, bei, inapatikana miezi gani, na picha iliyopigwa mchana kwenye mwanga. Wenye vyakula vya kusindikwa, kama achari, asali na mafuta ya nazi, wafuatilie alama ya ubora ya KEBS, maana maduka makubwa na wanunuzi wa mbali wataiuliza.

Jiungeni. Gunia mbili za korosho hazimleti mnunuzi kutoka mbali, lakini gunia 200 zilizopangwa kwa daraja zinamleta.

Usitegemee mlango mmoja. Kama unauza kupitia kampuni fulani na inakulipa vizuri, endelea nayo. Lakini weka mlango wa pili wazi, hata kama unauza kidogo kupitia huo.

Na jihadhari na matapeli. Ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si pesa. Angalia salio lako mwenyewe kabla mzigo haujaondoka. Namba ya siri haiulizwi na mnunuzi, wala msafirishaji, wala ofisi yoyote ya serikali.

Nafasi ya kaunti

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuendeleza na kusimamia biashara, zikiwemo masoko, leseni za biashara, biashara ya haki, utalii wa mashinani na vyama vya ushirika. Katiba ilipoandikwa, wengi walisoma neno masoko wakaona paa la mabati na meza za saruji. Paa na meza bado vinahitajika. Lakini soko ni kanuni pia: mizani iliyo sawa, bei inayojulikana, na nafasi kwa kila anayekuja na mali halali. Kanuni hizo zinatakiwa mtandaoni kama zinavyotakiwa Malindi mjini, Mariakani na Charo wa Mae.

Ndiyo maana wakazi wanapoitwa kwenye vikao vya ushirikishi wa umma kuhusu bajeti na mipango ya wadi, maswali haya yana nafasi yake. Je, chama chetu cha ushirika kina mtu wa kukagua ubora? Mizani ya soko letu imekaguliwa? Mfumo utakaonunuliwa kwa pesa za umma utaweza kuzungumza na mifumo mingine, au utatufungia ndani ya kampuni moja? Hilo la mwisho liulizwe kwa sauti, kabla mkataba haujatiwa saini.

Mkulima wa korosho aliyeachwa na magunia mlangoni hakukosa bidii, na mti wake haukukosa matunda. Alikosa wanunuzi wa kuchagua. Kizazi hiki kina nafasi ya kuhakikisha kwamba mlango mmoja ukifungwa, mingine ibaki wazi.

 Sasa ni zamu ya maswali.